Namna ya kupima faida, kuyumba kwa bei na kufunguka kwa masoko ya hisa yanayoibukia

Anayetaka kujua kama kufungua soko la hisa kwa wageni huongeza faida au huongeza kuyumba kwa bei hukutana na majibu yanayopingana, na mara nyingi kinachopingana si nchi zenyewe bali namna zilivyopimwa. Mmoja hupima faida kwa fedha ya ndani, mwingine kwa dola. Mmoja huhesabu kufunguka tangu siku kanuni ilipotangazwa, mwingine tangu siku fedha zilipoanza kuingia. Kisha wote wawili hutoa hitimisho kwa kujiamini. Mwongozo huu unaeleza jinsi ya kuifanya kazi hiyo kwa uangalifu, na umeandikwa kwa ajili ya mwanafunzi, mchambuzi au mwekezaji mwenye takwimu za kawaida na programu ya majedwali. Msimamo wangu ni kwamba sarafu na tarehe huharibu matokeo mengi zaidi kuliko udhaifu wa kanuni za hesabu, na kwa sababu hiyo nitakaa juu ya mambo hayo mawili kwa kirefu.

Faida: amua kwanza ni faida ya nani

Kabla ya kufungua takwimu, amua ni mwekezaji gani unayemzungumzia. Kwa mwananchi ambaye matumizi yake yote ni kwa fedha ya nchi yake, faida yenye maana ni ile ya fedha ya ndani baada ya kuondoa mfumuko wa bei. Kwa mfuko wa kigeni, faida ni ile inayobaki baada ya kubadilisha fedha hizo kuwa dola au yuro na kuzitoa nchini. Faida hizi mbili zinaweza kwenda pande tofauti kabisa. Tarehe 3 Novemba 2016 benki kuu ya Misri iliiacha pauni ijitafutie bei sokoni, na dola iliyokuwa ikiuzwa rasmi kwa takribani pauni 8.8 ilipita pauni 18 kabla ya mwaka kwisha. Chukua hisa ya kubuni iliyopanda kwa asilimia 60 kwa pauni katika kipindi hicho: zidisha 1.6 kwa 8.8, gawanya kwa 18, utapata 0.78. Aliyehesabu kwa pauni ameona faida ya asilimia 60, na aliyehesabu kwa dola ameona hasara ya asilimia 22, ilhali hisa ni ileile.

Mfano huo una funzo la pili ambalo husahaulika. Kabla ya tarehe ile kulikuwa na soko sambamba ambako dola iliuzwa ghali kuliko bei rasmi, kwa hiyo aliyebadilisha faida za miezi iliyotangulia kwa kiwango rasmi alijipatia dola ambazo mwekezaji halisi asingeweza kuzipata. Popote penye viwango viwili vya fedha za kigeni, tumia kile ambacho mwekezaji angekitumia kweli kutoa fedha zake, au angalau fanya hesabu mara mbili na uonyeshe tofauti. Kuwapo kwa viwango viwili ni dalili kwamba soko halijafunguka, hata kama sheria ya hisa inasema limefunguka.

Baada ya sarafu, chagua namna ya kukokotoa. Napendekeza faida ya logarithimu, yaani logarithimu asilia ya bei ya leo ikigawanywa kwa bei ya kipindi kilichopita, kwa sababu hujumlishika bila udanganyifu. Fahirisi (kipimo cha mwendo wa bei za hisa nyingi kwa pamoja) ya masoko yanayoibukia inayotungwa na kampuni ya MSCI ilipoteza takribani asilimia 53 kwa dola mwaka 2008 na kupata takribani asilimia 79 mwaka 2009. Wastani wa kawaida wa namba hizo mbili ni faida ya asilimia 13 kwa mwaka, ambayo inapendeza lakini si kweli: dola 100 zilishuka hadi 47, kisha zikapanda hadi 84, sawa na hasara ya asilimia 8 hivi kwa kila mwaka. Kadiri bei zinavyoyumba zaidi, ndivyo pengo kati ya wastani wa kawaida na ukuaji halisi wa mtaji linavyopanuka, na kwa kuwa masoko tunayoyazungumzia huyumba sana, pengo hilo si jambo dogo la kitaalamu.

Hakikisha pia kwamba fahirisi unayotumia inajumuisha gawio, na kwamba ina kampuni zilizokuwapo wakati ule, si zile zilizobaki leo. Mwezi Machi 2022 MSCI iliziondoa hisa za Urusi katika fahirisi yake ya masoko yanayoibukia kwa bei iliyokaribia sifuri. Mtu anayejenga historia kwa kutumia orodha ya leo hataiona hasara hiyo popote, ingawa waliokuwa na hisa zile waliipata kikamilifu.

Kuyumba kwa bei

Kipimo cha kawaida ni mkengeuko sanifu, yaani kiasi ambacho faida za vipindi mbalimbali hutawanyika kuzunguka wastani wake. Ukipima kwa mwezi, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 12 ili kupata kiwango cha mwaka: mkengeuko wa asilimia 6 kwa mwezi huwa asilimia 20.8 kwa mwaka. Ukipima kwa siku, zidisha kwa kipeuo cha pili cha 252, ambayo ni idadi ya siku za biashara inayozoeleka. Hesabu hiyo husimama juu ya sharti moja: faida ya leo isiwe na uhusiano na faida ya jana.

Katika masoko mengi yanayoibukia sharti hilo halitimii. Hisa ambayo haijauzwa kwa siku tatu hubeba bei ya zamani, na habari iliyotokea Jumatatu huonekana katika bei ya Alhamisi. Matokeo yake ni kwamba mfululizo wa faida za kila siku huonekana umetulia kuliko ulivyo, na soko lisilo na ukwasi, yaani lisilo rahisi kuuzia na kununulia, likaonekana salama kuliko lenye ukwasi. Kipimo cha kugundua tatizo hili ni rahisi: kokotoa mraba wa mkengeuko wa faida za wiki, ugawanye kwa mara tano ya mraba wa mkengeuko wa faida za siku. Jibu likizidi moja kwa kiasi cha kuonekana, acha takwimu za siku na utumie za wiki au za mwezi. Hesabu pia sehemu ya siku ambazo bei haikubadilika kabisa, kwani idadi hiyo ni kipimo kizuri cha uhaba wa ukwasi, na hutakiwa tena mbele tunapolinganisha soko kabla na baada ya kufunguliwa: wageni wanapoingia na hisa kuanza kuuzwa kila siku, mkengeuko wa takwimu za siku unaweza kupanda kwa sababu bei sasa zinasema ukweli, wala si kwa sababu hatari imeongezeka.

Mkengeuko mmoja kwa miaka ishirini hausemi mengi, kwa sababu vipindi vya misukosuko hufuatana na vipindi vya utulivu hufuatana. Robert Engle alilieleza jambo hili kwa kanuni mwaka 1982 katika kazi ambayo baadaye ilimpatia Tuzo ya Nobel ya uchumi ya mwaka 2003, na Tim Bollerslev akaipanua mwaka 1986 kuwa kielelezo kinachojulikana kwa jina la GARCH. Asiyekuwa na programu ya takwimu anaweza kuanza na njia nyepesi: chukua asilimia 94 ya mraba wa mkengeuko wa jana, ongeza asilimia 6 ya mraba wa faida ya jana, na uendelee hivyo siku hadi siku. Utapata mstari unaopanda wakati wa msukosuko na kushuka polepole baadaye, na kwa kazi nyingi za kulinganisha nchi mstari huo unatosha.

Kwa mwekezaji wa kigeni, kuyumba kwa hisa na kuyumba kwa sarafu havijumlishwi kwa kutazama tu. Tuseme hisa zina mkengeuko wa asilimia 20 kwa mwaka kwa fedha ya ndani na sarafu ina asilimia 12. Kama vitu hivyo viwili havina uhusiano, mkengeuko wa jumla kwa dola ni asilimia 23 hivi. Lakini katika nchi zinazoibukia hisa na sarafu mara nyingi huanguka pamoja, kwa kuwa fedha zilezile zinazouza hisa ndizo zinazonunua dola za kuondokea. Uhusiano ukiwa 0.4, katika kipimo kinachotoka -1 hadi 1, mkengeuko hupanda hadi asilimia 27. Kinyume chake pia hupotosha. Malaysia iliifunga ringgit kwa 3.80 kwa dola mnamo Septemba 1998 na kuiacha hapo hadi Julai 2005, na katika miaka hiyo yote takwimu zitaonyesha kwamba sarafu haikuyumba hata kidogo. Sifuri hiyo ni uamuzi wa serikali, na mchambuzi hapaswi kuisoma kama kutokuwapo kwa hatari.

Kufunguka: sheria inasema nini, na fedha zinafanya nini

Kuna njia mbili za kupima kufunguka kifedha, na ni kosa kuzichanganya. Ya kwanza husoma sheria. Kipimo kinachotumika sana ni fahirisi ya Menzie Chinn na Hiro Ito, inayoanzia mwaka 1970 na kujengwa kutokana na ripoti ya kila mwaka ya Shirika la Fedha la Kimataifa kuhusu vikwazo vya fedha za kigeni. Huangalia mambo manne: kama kuna viwango vingi vya kubadilisha fedha, kama miamala ya kawaida ya biashara ya nje imewekewa vikwazo, kama miamala ya mitaji imewekewa vikwazo, na kama wauzaji wa nje wanalazimishwa kukabidhi fedha zao za kigeni. Ni fahirisi nzuri kwa kulinganisha nchi nyingi kwa muda mrefu. Ila ijue tabia yake moja kabla ya kuitumia: sehemu inayohusu miamala ya mitaji huhesabiwa kwa dirisha la miaka mitano, kwa hiyo nchi iliyofungua ghafla huonekana imefungua kidogokidogo. Anayetafuta athari ya mwezi au mwaka mmoja hatazipata humo. Tena haitenganishi hisa na hatifungani. Kwa swali la hisa peke yake, afadhali takwimu zinazotenganisha aina za mali na kutofautisha fedha zinazoingia na zinazotoka, ambazo kwa nchi nyingi zinapatikana kuanzia mwaka 1995.

Njia ya pili hutazama fedha zenyewe. Philip Lane na Gian Maria Milesi-Ferretti wamekusanya takwimu za mali na madeni ya nje ya nchi nyingi, na kipimo cha kawaida ni jumla ya mali na madeni hayo ikigawanywa kwa Pato la Taifa. Uzuri wake ni kwamba huonyesha kilichotokea, kwani kuna nchi zenye sheria kali ambazo fedha hupenya, na nchi zenye sheria huru ambazo hakuna mgeni anayezitamani.

Hapa kuna mtego ambao naona unastahili onyo zito. Hisa zinazomilikiwa na wageni huhesabiwa katika madeni ya nje kwa bei ya soko. Bei zikipanda, madeni hayo hupanda, na kipimo cha kufunguka hupanda, hata kama hakuna dola moja mpya iliyoingia. Mtu akilinganisha kipimo hicho na faida ya hisa za mwaka huohuo atapata uhusiano mzuri ambao amejitengenezea mwenyewe. Sarafu ikiporomoka, Pato la Taifa kwa dola husinyaa huku madeni ya dola yakibaki palepale, na nchi iliyo katikati ya mgogoro huonekana imefunguka zaidi kuliko mwaka uliopita. Kinga ni kutumia thamani ya mwaka uliotangulia, au kutumia mtiririko wa fedha zilizoingia na kutoka badala ya thamani iliyolundikana, na kutoamini tokeo lolote linalopatikana kwa kipimo kimoja tu.

Tarehe ya kufunguliwa

Korea Kusini ilianza kuwaruhusu wageni kununua hisa moja kwa moja Januari 1992, kwa kikomo cha asilimia 10 ya kila kampuni. Lakini tangu mwaka 1984 kulikuwa na mfuko uliosajiliwa New York ambao ulimwezesha mgeni kumiliki hisa za Korea kwa njia ya pembeni, na vikomo vyenyewe vilikuja kuondolewa Mei 1998 baada ya mgogoro wa Asia. Je, Korea ilifunguka lini? Kila jibu kati ya hayo matatu lina utetezi wake, na kila moja hutoa picha tofauti ya "kabla" na "baada". Geert Bekaert na Campbell Harvey walilishughulikia tatizo hili kwa kutumia aina tatu za tarehe, yaani mabadiliko ya kanuni, kuanzishwa kwa stakabadhi za hisa (hati zinazouzwa nje ya nchi na kuwakilisha hisa za ndani) na mifuko ya nchi katika masoko ya nje, na wakati ambapo mtiririko wa fedha ulibadilika kwa dhahiri. Huo ndio utaratibu ninaoushauri: orodhesha tarehe zote, kisha rudia hesabu kwa kila moja.

Tarehe ni muhimu hasa kwa sababu soko halisubiri. Wawekezaji wakijua kwamba wageni wanakuja, hununua mapema. Peter Blair Henry, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2000 juu ya nchi 12, alikuta faida ya ziada ya wastani wa asilimia 3.3 kwa mwezi, kwa dola na baada ya mfumuko wa bei, katika miezi minane iliyoishia kwenye utekelezaji. Mtu anayeanza kuhesabu siku ya utekelezaji atakuwa ameiacha nje faida yote hiyo, au vibaya zaidi, ameiweka katika kipindi cha "kabla" na kuhitimisha kwamba kufunguka kulipunguza faida.

Ni lazima kuelewa mantiki ya kupanda huko. Soko likiwa limefungwa, wananchi wenyewe hubeba hatari yote na hudai malipo makubwa kwa ajili yake. Likifunguliwa, sehemu ya hatari hubebwa na wageni ambao mali zao zimetawanyika duniani, na kiwango cha faida kinachodaiwa hupungua. Chukua hisa inayotarajiwa kutoa gawio la 5 mwaka ujao, gawio linalokua kwa asilimia 5 kwa mwaka, na wenye mitaji wanaodai asilimia 15. Bei yake ni 5 kugawanywa kwa 0.10, yaani 50. Kiwango kinachodaiwa kikishuka hadi asilimia 14.25, bei huwa 54, sawa na kupanda kwa asilimia 8 mara moja. Baada ya hapo mwekezaji mpya atapata asilimia 14.25 kwa mwaka, si 15. Kwa hiyo faida kubwa wakati wa kufunguka na faida ndogo baadaye ni tukio moja lenye sura mbili, na anayechukua ile ya kwanza na kuisogeza mbele kama matarajio ya miaka ijayo anajidhuru.

Nimechagua robo tatu ya asilimia kwa makusudi, kwa kuwa hicho ndicho kiwango cha juu cha punguzo la gharama ya mtaji ambalo Bekaert na Harvey walilipata. Ukilinganisha asilimia 8 ya mfano wetu na zaidi ya asilimia 25 inayotokana na miezi minane ya Henry, unaona kwamba gharama ya mtaji peke yake haitoshi kueleza kupanda kote. Ukuaji wa gawio unaotarajiwa ukipanda kutoka asilimia 5 hadi 6 katika mfano huohuo, bei hufika karibu 60.6. Masoko, kwa maneno mengine, yalikuwa yakipokea kwa pamoja habari za wageni na habari za uchumi uliotarajiwa kukua. Mexico ilifungua soko lake mwaka 1989, mwaka uleule ambao mpango wa Marekani wa kupunguza madeni ya nchi zinazoendelea ulitangazwa. Anayetaka kuutenganisha mchango wa kila kimoja katika nchi hiyo moja hawezi, na ni heri aseme hivyo waziwazi kuliko kutoa namba.

Kuunganisha vipimo

Sasa weka kila nchi katika safu yake na kila mwezi au mwaka katika mstari wake, na upambanue mambo matatu: kipindi cha kabla, dirisha la kufunguka lenyewe, na kipindi cha baada. Usiuchanganye mwaka wa dirisha na miaka inayofuata. Kisha ondoa mwendo wa dunia, kwa sababu nchi nyingi zilifungua kati ya mwisho wa miaka ya 1980 na mwanzo wa miaka ya 1990, na jambo lolote lililotokea duniani wakati huo litaonekana kama athari ya kufunguka. Njia nyepesi ni kutoa faida ya fahirisi ya dunia, au kuweka alama ya kila mwaka katika rigresheni (hesabu inayopima mchango wa kila kigezo kwa pamoja) pamoja na alama ya kila nchi. Nchi ambazo hazikufungua wakati huo ni hazina. Zitumie kama kipimo cha kulinganishia.

Umuhimu wa kulinganisha huonekana zaidi kwa upande wa kufunga. Soko la Kuala Lumpur lilifika chini kabisa tarehe 1 Septemba 1998, siku Malaysia ilipotangaza vikwazo vya mitaji, kisha likapanda kwa nguvu. Wapo walioona hapo ushahidi kwamba vikwazo viliponya soko. Lakini benki kuu ya Marekani ilipunguza riba mara tatu kati ya mwisho wa Septemba na katikati ya Novemba mwaka huo, na masoko ya majirani ambao hawakuweka vikwazo nayo yalipanda. Pengine vikwazo vilisaidia. Kupanda kwa fahirisi peke yake hakuwezi kulithibitisha hilo.

Uangalifu kama huo unahitajika unapopima uhusiano kati ya masoko. Kristin Forbes na Roberto Rigobon walionyesha mwaka 2002 kwamba kipimo cha uhusiano hupanda chenyewe pale bei zinapoyumba sana, hata kama kiungo halisi kati ya nchi hakijabadilika. Kwa hiyo ukilinganisha uhusiano wa wakati wa mgogoro na ule wa wakati wa utulivu bila kurekebisha, utaona maambukizo ya mgogoro kutoka nchi moja hadi nyingine ambayo huenda hayapo.

Kuhusu swali lililozua kazi yote hii, kama kufunguka huongeza kuyumba, muda wa kupima ndio unaoamua jibu. Graciela Kaminsky na Sergio Schmukler, walipochunguza nchi 28, walikuta kwamba katika miaka ya mwanzo mizunguko ya kupanda na kuporomoka huwa mikubwa zaidi, na kwamba kwa muda mrefu hutulia. Gawa basi kipindi cha "baada" angalau mara mbili, miaka mitatu au minne ya kwanza na miaka inayofuata, na usikubali wastani mmoja unaozifuta tofauti hizo. Weka pia kipimo cha hofu katika masoko makuu, kama VIX, kwa maana nchi iliyofunguka hupokea misukosuko isiyokuwa yake. Mwezi Mei 2013 mwenyekiti wa benki kuu ya Marekani alipodokeza kwamba ununuzi wa hatifungani ungeweza kupunguzwa, sarafu na hisa za Brazil, India, Indonesia, Afrika Kusini na Uturuki zilitikiswa ndani ya wiki chache, ingawa chanzo cha mtikisiko huo hakikuwa badiliko la kanuni zao za mitaji.

Unapoandika matokeo, taja sarafu, urefu wa kipindi cha kila faida, kipimo cha kufunguka na tarehe ya kufunguka katika sentensi ileile yenye namba, kisha weka kando yake namba zinazopatikana ukibadilisha kimoja baada ya kingine: dola kwa fedha ya ndani, wiki kwa mwezi, sheria kwa mtiririko wa fedha, tangazo kwa utekelezaji. Ondoa pia nchi moja moja na urudie hesabu, kwani sampuli za aina hii zina nchi chache, na nchi moja iliyopitia mfumuko mkali wa bei yaweza kuubeba wastani wote peke yake.